Kijijini kuna nini?

Mwanzoni mwa mwezi wa saba masomo yanafungwa, na katika nyumba nyingi za Uvira na Bukavu mazungumzo ni yale yale. Baba anasema watoto waende kijijini wakasalimie wazee. Watoto wanakunja uso. Mmoja anauliza: "Kijijini kuna nini? Hakuna umeme, hakuna televisheni, hata simu haishiki." Mama anajibu haraka kwamba huko kuna hewa nzuri na chakula kingi, kisha anarudi kwenye sufuria yake, akijua kwamba bado hajajibu.

Wamama wapendwa, swali la mtoto huyo linastahili jibu zuri. Mtoto asiyejua kwao kuna nini hawezi kukitunza, wala hawezi kukidai siku mwingine atakapokuja kukichukua. Na wazee wanaoweza kumwonyesha wanapungua kila mwaka. Hewa nzuri peke yake haitamfanya akumbuke njia ya kurudi.

Juma hili tunatembelea vijiji vya kandokando ya Ziwa Tanganyika, katika teritwari ya Fizi, kuanzia upande wa Makobola, Swima na Mboko mpaka Baraka, na kuendelea kusini mpaka Kazimia. Wasomaji wetu wa milimani, wenye ng'ombe, migomba na maharagwe, watasoma wakilinganisha na kwao. Vitu vinatofautiana, lakini mambo tutakayoyasema juu ya jirani, kinu na mtoto watayatambua.

Mwezi ndio kalenda

Kwenye pwani hii watu wanahesabu siku kwa kutazama mbingu. Usiku usio na mbalamwezi ndio usiku wa kazi. Wavuvi wanaingia ziwani jioni na taa zao. Zamani zilikuwa taa za mafuta zenye kelele, leo nyingi ni za betri. Mwanga unaposhuka ndani ya maji, vijidudu vidogo vinakusanyika, ndagala wanafuata vijidudu, na mikeke wanafuata ndagala. Hapo wavu unainuliwa. Ukisimama ufukweni usiku wa giza, unaona taa zimejipanga juu ya maji kama mji mwingine, na mtoto wa mjini anayeziona mara ya kwanza anauliza ule ni mji gani.

Mbalamwezi inapokuwa kubwa, mwanga unaenea juu ya ziwa lote, samaki hawakusanyiki tena chini ya taa, na wavuvi wanapumzika. Basi kila mwezi kuna majuma ya samaki na kuna juma la kukaa bila samaki. Mama wa pwani anaijua hesabu hiyo kuliko mtu yeyote. Anajua ni siku gani atalipa deni la chumvi na sabuni, na siku gani hataweza. Wamama wengi wanapanga hata likelemba yao kwa kufuata giza: mchango unatolewa wakati boti zinatoka, kwa sababu kumdai mtu pesa wakati wa mbalamwezi ni kumtafutia aibu bure.

Hayo ni elimu ya uchumi, ingawa hakuna aliyeiandika ubaoni. Msichana wa miaka kumi anayefuatana na mama yake ufukweni anajifunza kwamba pesa ina majira. Anajifunza kwamba juma la kushiba ndilo juma la kuweka akiba, na kwamba anayekula yote wakati wa giza atalia wakati wa mwanga. Ni wangapi kati yetu, wenye mshahara wa kila mwezi mjini, tumewafundisha watoto wetu jambo hilo waziwazi namna hiyo?

Kabla jua halijatoka, wamama wamekwisha kufika ufukweni na mabeseni yao, vikwembe vimefungwa vizuri kiunoni, wengine na mtoto mgongoni. Wanaongea polepole, wanahesabu taa zinazorudi. Mwenye macho mazuri anatambua boti ya fulani kutoka mbali. Boti ikifika, bei inapatana kwa maneno mengi na kicheko kingi, na mama aliyeondokewa na mume juzi anawekewa beseni lake bila kusukumana. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Inafuatwa kwa sababu kila mmoja anajua zamu yake itafika.

Wingu likionekana

Ndagala zikinunuliwa zinaanikwa. Wengine wanazitandaza kwenye mchanga, wengine kwenye vichanja vya miti na wavu. Zile za kichanja zinakuwa safi, hazina mchanga, na sokoni zinapata bei nzuri zaidi. Jua likiwa kali, zinakauka kwa siku moja au mbili. Zinapungua uzito sana: kilo tatu au nne za ndagala mbichi hutoa karibu kilo moja iliyokauka. Ndiyo maana mama anayekuuzia kikopo cha ndagala kavu hapendi ucheze naye kuhusu bei. Ameshaona mlima wa samaki ukigeuka kilima.

Adui wa kazi hii ni mvua. Ndagala zikilowa zinaoza, na pamoja nazo unaoza mtaji wa juma zima. Kwa hiyo kwenye pwani kuna desturi moja ambayo mtoto anaijifunza kabla ya kujua kusoma: anayeona wingu likishuka kutoka mlimani anapiga kelele, na wote walio karibu wanakimbia kukusanya, za kwao na za wengine. Haulizwi mwenyewe yuko wapi. Labda yuko shambani, labda yuko kliniki na mtoto. Akirudi atazikuta zimefunikwa, na huenda asijue hata ni nani aliyezifunika. Kesho naye atakusanya za mwenzake.

Ukimwuliza mama wa huko kama huo ni uzuri, atakushangaa. Kwake ni siku ya kawaida tu. Lakini sisi tuliohamia mjini tunajua thamani yake kwa kuwa tumeikosa. Mjini, nguo zako zikianikwa na mvua ikaja wakati uko sokoni, unazikuta zimelowa, na jirani alikuwa dirishani. Jirani huyo hana roho mbaya. Hakufundishwa tu kwamba wingu lako ni wingu lake.

Mihogo haitaki haraka

Tupande sasa kutoka ufukweni mpaka nyuma ya nyumba. Hapa kuna kinu, mafiga matatu, rundo la kuni, na pipa au shimo la maji lenye mihogo inayolowekwa. Harufu yake mtoto wa mjini haipendi siku ya kwanza. Siku ya tatu hata haisikii tena.

Mihogo mingi ya kwetu ni ile michungu. Ndani yake kuna sumu, na mamake mama zetu walijua kuiondoa kabla daktari yeyote hajaieleza. Mihogo inalowekwa siku tatu mpaka nne hadi ilainike. Inamenywa, inatolewa nyuzi, inaanikwa mpaka ikauke kabisa, ndipo inatwangwa na kuchungwa unga. Ukifupisha njia hiyo, bugali inaweza kufanana na nyingine kwa macho, lakini sumu inabaki. Katika jimbo la Kwango, upande wa Kahemba, watu wanaujua ugonjwa wa konzo, ambao unalemaza miguu ghafla na haurudi nyuma. Daktari Trolli aliueleza mwaka 1938, na tangu hapo imeonekana kwamba unawapata hasa wamama na watoto, katika miaka ya njaa au ya vita, watu wanapokula mihogo iliyoandaliwa kwa haraka na kukosa samaki, nyama au maharagwe ya kuandamana nayo.

Kwa hiyo siku zile nne za kuloweka ambazo vijana wanaziita ujinga wa kijijini ni ulinzi wa miguu ya watoto. Ndivyo ilivyo pia kwa sombe. Majani yanatwangwa vizuri, yanachemshwa kwa muda mrefu sufuria ikiwa wazi, kisha ndipo yanatiwa mawese, kitunguu na, kama mwezi ni wa giza, ndagala chache juu. Mama anayekaa na sombe yake jikoni muda mrefu hapotezi wakati. Anamalizia kazi ambayo kinu kiliianza.

Na wakati huo mrefu ndio shule yenyewe. Kutwanga kwa watu wawili au watatu kwenye kinu kimoja kunahitaji kusikilizana: mchi mmoja ukipanda mwingine unashuka, ukikosea unaumiza mkono wa mwenzako. Msichana anajifunza mapigo. Wakati mikono inafanya kazi, midomo iko huru. Hapo ndipo anaposikia nani alimzaa nani, shamba la ng'ambo ya mto lilikuwa la nani, kwa nini familia ile na hii hawaoani, na namna shangazi yake alivyojifungua njiani na kumwita mtoto jina la njia ile. Mashine ya kusaga inasaidia sana, na hakuna anayetaka kuirudisha ilikotoka. Lakini tukipeleka mihogo kwenye mashine, tutafute pia mahali pengine ambapo maneno hayo yatasemwa. Yakikosa mahali, yanapotea.

Nyumba isiyotoa moshi

Asubuhi kijijini, moshi unapanda juu ya kila jiko. Nyumba isiyotoa moshi mpaka jua limepanda inapigiwa hodi. Pengine mama anaumwa. Pengine hana unga. Pengine amepigwa usiku na anaona aibu kutoka. Jirani haingii akiuliza maswali hayo. Anakuja kuomba kaa la moto, au kumtuma mtoto wake aje kuomba, na kwa njia hiyo anajua. Jioni sahani iliyofunikwa inavuka ua bila maelezo.

Mtoto anayetumwa kuomba moto au kupeleka sahani anajifunza mambo matatu kwa safari moja: njia, salamu na siri. Anajifunza kusema "hodi" na kungoja. Anajifunza kupiga magoti kidogo au kutoa mikono yote miwili anapompa mzee kitu. Anajifunza kwamba alichokiona ndani ya nyumba ya watu hakisemwi barabarani. Tunalalamika mjini kwamba watoto hawasalimii. Tujiulize ni lini tumewatuma kwa jirani na sahani mkononi.

Wanaume nao wana mahali pao. Wabembe wanapaita lubunga, banda lililo wazi ambamo wazee na vijana wanakaa, wanapokea wageni, wanakata maneno na kula pamoja. Lakini chakula cha lubunga hakianguki kutoka mbinguni. Kinatoka katika kila jiko, sahani moja moja, na mwenye kidogo analeta kidogo. Hivyo mtoto wa nyumba yenye njaa anakula pamoja na mtoto wa nyumba iliyoshiba, na hakuna anayetangaza nani ni nani. Tukisifu hekima inayosemwa pale, tukumbuke pia mikono iliyoipikia.

Mama akijifungua, majirani wanamletea kuni, maji na uji, na kwa majuma kadhaa hatarajiwi kushika jembe. Kukiwa na kilio, wamama wanalala kwa mfiwa, kila mmoja na kitenge chake cha kujifunika na unga wake wa kuchangia. Hakuna mama anayelala peke yake usiku wa kwanza wa ujane. Ukitaka kujua kwa nini watu waliozunguka nchi nyingi bado wanasema "kwetu" kwa sauti ya namna fulani, anza hapo.

Na watoto wanacheza. Mbalamwezi ile iliyowanyima wavuvi samaki inawapa watoto uwanja. Wanaimba, wanakimbizana, wanarudi kukaa karibu na moto, na mzee anaanza hadithi za sungura na chui mpaka wadogo wanalala pale pale kwenye mkeka. Kila mmoja anabebwa na mkono ulio karibu, si lazima wa mama yake.

Lakini tusidanganyane

Uzuri huu una gharama, na mara nyingi anayelipa ni msichana na mama. Tukisifu bila kusema hivyo, watoto wetu watatuona waongo siku watakapofika.

Ziwa ni zuri na ni refu, karibu kilomita 670, na kina chake kinafika mita 1,470, ziwa la pili kwa kina duniani. Lakini maji yake si ya kunywa hivi hivi. Uvira na Fizi zinajulikana kwa kipindupindu, ambacho kimekuwa kikirudi kwa miaka mingi. Uzoefu wa bibi hauondoi vijidudu. Kuchemsha maji au kuyatia dawa ya klorini kunaviondoa. Mtoto anayeharisha sana aanze kunyweshwa mara moja, njiani kuelekea kituo cha afya: litri moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Hicho ni kipimo cha kukariri kabla ya safari yoyote ya kijijini.

Ziwa linapanda pia. Katika mwaka 2020 na tena 2024 maji yaliingia ndani ya nyumba za watu wengi wa ufukweni, Uvira na Baraka vilevile. Wamama waliokuwa wakianika ndagala mbele ya mlango walipoteza kichanja na mlango.

Tena, kisima kikiwa mbali, anayetumwa ni msichana, na kaka yake anaenda masomoni kwa wakati. Tangu mwaka 2019 shule ya msingi ya serikali hailipiwi, lakini shule ya bure haimsaidii anayefika saa nne akiwa amechoka. Uzuri wa kijiji hauhitaji msichana akose masomo. Kaka yake naye ana mabega ya kubeba bidoni.

Na kuna jambo la shamba. Katika nyumba nyingi bado tunasikia kwamba msichana ni mgeni, ataolewa, hana haki ya kurithi. Desturi hiyo na sheria ya nchi haziendi pamoja. Kanuni ya Familia inawahesabu watoto wote, wavulana na wasichana, kuwa warithi wa kwanza wa mzazi wao. Marekebisho ya mwaka 2016 yaliondoa pia lile sharti la zamani kwamba mwanamke aliyeolewa aombe ruhusa ya mume kabla ya kutia sahihi mambo yake mbele ya sheria. Nayo inakataza ndoa ya mtu asiyefikisha miaka 18, awe wa kike au wa kiume. Mama anayempeleka binti yake kijijini amwonyeshe mipaka ya shamba kama anavyomwonyesha mvulana: mwembe huu, jiwe hili, kijito kile. Binti asiyejua mpaka hata sheria nzuri itamfikia amechelewa.

Kusema haya si kukichafua kijiji. Kijiji kilikuwa kikibadilika hata zamani za wazee wetu. Muhogo wenyewe ulitoka ng'ambo ya bahari karne nyingi zilizopita, na leo nani angesema bugali si chakula cha kwetu? Tunaloweza kubadilisha tulibadilishe, na tulindo wingu, moshi na sahani.

Kijiji kilichobebwa kichwani

Kama kuna anayedhani haya ni mapambo tu, awaulize waliokimbia. Vita vya mwaka 1996 na vilivyofuata viliwavusha maelfu ya watu wa Fizi na Uvira mpaka ng'ambo ya ziwa, Tanzania. Wengi walipelekwa kambi ya Nyarugusu, katika mkoa wa Kigoma, iliyofunguliwa mwaka huo huo. Walifika bila kinu, bila jembe, wengine bila watoto wao wote. Posho ya kambi ilikuwa unga wa mahindi, maharagwe, mafuta na chumvi.

Watoto waliozaliwa kule hawakuwa wameona ufukwe wa Baraka. Walichokuwa nacho ni maneno ya wazazi: majina ya mito, majina ya milima, majina ya watu. Mama aliyekuwa amesikia hayo kwenye kinu alikuwa na kitu cha kumpa mtoto. Aliyekuwa hakusikia alikuwa na posho tu. Mwaka 2005 meli zilianza kuwarudisha watu kutoka Kigoma mpaka Baraka, na vijana walishuka kwenye nchi ambayo waliijua kwa masikio kabla ya kuiona kwa macho. Swali la kwanza walilokutana nalo lilikuwa la kawaida kabisa: wewe ni wa nani? Aliyeweza kutaja baba, babu na mto alipata pa kukaa usiku ule. Asiyeweza alikuwa na safari nyingine mbele yake.

Wengine hawakurudi. Maelfu walipokelewa Marekani na nchi nyingine, na watoto wao sasa wanakulia kwenye theluji. Bado wamama wao wanatafuta majani ya muhogo yaliyogandishwa dukani na kupika sombe siku za kusanyiko. Wanajua kwa nini wanaipika.

Hata leo wako wasomaji wetu ambao njia ya kwao imefungwa na bunduki. Kwao kusema "wapeleke watoto kijijini" kunaweza kuwa kama kutia chumvi kwenye kidonda. Kwao tunasema hivi: kijiji kinaweza kubebwa. Kilibebwa wakati ule, na walichokibeba ni vitu vidogo vidogo vya kila siku.

Vikundi vyetu vifanye nini

Likizo ni fupi, na maneno mazuri hayatoshi. Haya ni mambo ambayo kila kikundi kinaweza kuyazungumzia katika mkutano wake wa juma hili.

Kwa wanaoweza kusafiri: ulizeni kwanza hali ya usalama wa njia. Watoto wakifika, wasikae kama wageni. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mtoto wa miaka mitano apewe kikopo kidogo cha maji. Wa miaka kumi atumwe na sahani kwa jirani. Kijana wa kiume afundishwe kutwanga sombe, na mikono yake haitapungua kitu. Usiwafungie na simu ndani ya nyumba ili wasichafuke.

Kwa wote: simu hiyo hiyo itumike kurekodi sauti. Mwombe mama mzee ataje majina ya ukoo mpaka anapofika mwisho, aseme mashamba yanapakana na nani, aeleze namna anavyoloweka mihogo, kwa Kibembe, Kifuliiru, Kivira au lugha yoyote ya kwenu. Dakika kumi zinatosha kwa siku moja. Andikeni majina kwenye daftari la familia pia, maana simu inaibiwa na inavunjika.

Kwa wanaobaki mjini: chagueni siku moja katika juma ambapo watoto watatwanga, watachambua, watapika polepole pamoja nanyi, na televisheni izimwe. Katika avenyu yenu, anzeni desturi ya moshi: kila mwanachama awe na nyumba mbili za jirani anazozitazama asubuhi. Asipomwona mama wa nyumba hiyo, apige hodi. Haihitaji mfadhili wala mradi.

Na mtoto akiuliza kijijini kuna nini, mwambieni ukweli wote. Kuna maji ya kuchemshwa na mzigo wa kubebwa. Kuna shamba lenye mpaka ambao yeye, awe msichana au mvulana, anapaswa kuujua. Kuna watu watakaofunika ndagala zake mvua ikija, kama naye atajifunza kufunika za wengine. Masomo yanarudi mwezi wa tisa. Kabla ya siku hiyo kuna giza mara mbili ziwani, na taa zitaonekana kutoka ufukweni.